Namna ya kumpandisha dogo timu kubwa bila kumpoteza njiani

Wadau, hii ni kwa ajili ya makocha na viongozi wa timu za kawaida, yaani zile za Ligi Kuu ambazo hazina tajiri, za Championship, First League na za mikoani huko, ambao kila dirisha la usajili likifunguliwa wanakimbizana na wachezaji walioachwa na Simba na Yanga wakati uwanjani kwao asubuhi kuna vijana wa miaka 17 wanaupiga mwingi na hakuna kiongozi hata mmoja aliyekaa kuwatazama. Jambo hili linaniuma sana, na linaniuma zaidi kwa sababu linawezekana. Halihitaji mabilioni, linahitaji mpango na watu wa kuusimamia huo mpango hata timu ikifungwa mechi mbili mfululizo.

Ninachoamini ni hiki: vipaji vyetu havifi utotoni, vinafia kati ya miaka 17 na 21. Angalia Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 (U17). 2017 kule Gabon kwenye AFCON ya U17 walitoka suluhu na Mali waliokuwa mabingwa watetezi na ndo hao hao wakabeba tena kombe, wakaifunga Angola 2-1, wakaja kutolewa kwa goli moja la Niger. 2019 tukawa wenyeji, mechi ya ufunguzi pale Taifa Nigeria wakatufunga 5-4, yaani watoto wa Kitanzania wanaweka goli nne kwa Nigeria! Sasa jiulize mwenyewe wangapi kati ya hao walipata msimu mzima wa kucheza ligi wakiwa na miaka 18 au 19. Kipaji kilikuwepo, kilichokosekana ni dakika. Kwa hiyo mwongozo huu wote nitakuwa narudi kwenye dakika, hata tukiongelea mambo mengine.

Kumpata

Usisubiri uletewe. Mchezaji anayeletwa na mjomba wake mara nyingi analetwa kwa sababu mjomba anajuana na katibu. Nenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nenda UMITASHUMTA ya shule za msingi kwa wale wadogo kabisa, nenda kwenye ndondo za mitaani, nenda viwanja vya mchangani Jumamosi saa kumi jioni. Samatta mwenyewe ni mtoto wa Mbagala, akapita African Lyon ndo akaja Simba, hakushuka kutoka mbinguni.

Ukifika hapo usiangalie chenga. Chenga zinaonekana hata kwa mtu aliyekuja kuuza karanga. Angalia dogo anafanya nini kabla mpira haujamfikia: anageuza shingo kutazama nyuma yake, au anaushangaa mpira mpaka umguse mguu? Ukipotea anakimbia kuufuata au anashika kiuno na kulaumu? Mwenzake akikosea anamwambia nini? Halafu mtazame zaidi ya mara moja, na moja ya hizo mara iwe siku timu yake inafungwa, maana kila mtu ni mzuri akiwa anaongoza goli tatu.

Kuna kosa linafanyika nchi nzima, tena na watu wazima wenye leseni. Tunachukua wakubwa wa mwili. Kwenye kundi la U15 mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka huo huo wamepishana karibu mwaka mzima, kwa umri ule huo ni mwili mwingine kabisa, na kuna wengine wanachelewa tu kukua. Yule mdogo anayeng'ang'ania, anayetumia akili kwa sababu hana nguvu za kushindana, usimuache. Mwandike pembeni, mpe jezi, muangalie tena akifika miaka 16. Wengi wao ndo wanakuja kuwa viungo wazuri sana kwa sababu walilazimika kufikiri tangu wadogo.

Umri wa kweli

Hapa sitazunguka. Kijeba, yaani mtu mzima anayedanganya umri, anaua timu ya vijana. Ukimpanga mtu wa miaka 21 kwenye U17 utashinda kombe la mkoa, utapiga picha na mkuu wa wilaya, na utakuwa umemnyang'anya nafasi mtoto wa kweli ambaye angekuja kukufaa miaka minne baadaye. Huyo kijeba mwenyewe hana tena pa kukua, ameshakua.

Tumeshaona pande zote mbili za jambo hili. 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika wakaenguliwa kwa suala la umri wa mchezaji. 2017 ikawa kinyume, Congo Brazzaville walitutoa uwanjani kwenye kufuzu, lakini mchezaji wao mmoja hakupelekwa kufanyiwa kipimo cha MRI, CAF wakawaondoa na sisi tukaenda Gabon. Kipimo chenyewe kinaangalia mifupa ya kifundo cha mkono, FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U17 la 2009, na mfupa haudanganyi kama cheti. Kwa hiyo dai cheti cha kuzaliwa cha RITA, linganisha na cha kumaliza darasa la saba, nenda shuleni ukamuulize mwalimu mkuu dogo alianza lini. Ikishindikana kupata jibu la kueleweka mpeleke kwenye timu ya umri mkubwa zaidi, akicheza huko vizuri basi ana kipaji, na hakuna aliyedhulumiwa.

Mazoezi, shule na chakula

Sitaandika programu nzima ya mazoezi maana kila kocha ana yake, ila kuna mambo machache naona tunayaacha.

La kwanza, timu ya vijana icheze mfumo unaofanana na wa timu kubwa. Kama timu kubwa inaanzia mpira kwa kipa, basi na U17 waanzie kwa kipa, hata kama wanapoteza na kufungwa, maana hiyo ndo shule yenyewe. Dogo akipanda asikute lugha mpya.

La pili, wagawe makundi madogo. Nne kwa nne, tano kwa tano, rondo (duara la pasi na mkabaji katikati), uwanja mdogo, mpira unaguswa mara nyingi. Mambo ya kuwapanga watoto ishirini mstari mmoja wanasubiri kupiga shuti moja kila baada ya dakika tatu yaishe jamani. Na kabla ya kuanza wafanye ile programu ya FIFA 11+, ni ya bure, inachukua kama dakika 20, haitaki kifaa chochote zaidi ya mpira na koni, na inapunguza sana majeraha ya goti na misuli ikifanywa mara kwa mara. Ukiona dogo wa miaka 13 au 14 analalamika maumivu chini ya goti usimwambie anadeka, huo ndo umri wa kurefuka ghafla, mpunguzie mbio na kuruka, akaonane na daktari.

La tatu, mfundishe mchezaji nafasi yake kwa undani, usiishie kwenye pumzi na mbio. Nitoe mfano wa namba mbili, yaani beki wa kulia, maana mabeki wa pembeni tunawafundisha kwa kupiga kelele tu "panda! rudi!" Chukua kipa, beki wa kati mmoja, namba mbili, kiungo mmoja, na winga mmoja wa kumkaba. Kipa anampa beki wa kati, beki wa kati anampa namba mbili pembeni karibu na mstari, winga anakuja kwa kasi. Sasa simama karibu kabisa, uangalie miguu ya dogo. Akipokea mwili umeelekea golini kwake ameshakwisha, atarudisha kwa kipa au ataupiga nje. Akifungua mwili kabla mpira haujafika, mgongo upande wa mstari, akapokea na mguu ulio mbali na adui, anawaona kiungo, winga wake na namba tisa, mshambuliaji wa kati, kwa wakati mmoja, na yule anayekuja kumkaba anapunguza mwendo mwenyewe. Ni kitu kidogo, nusu hatua tu, ila ndo kinachomtofautisha beki wa mchangani na beki wa Ligi Kuu. Rudia hivyo kwa robo saa, badilisha upande, afu ongeza mkabaji wa pili. Fanya hivyo kwa kila nafasi na utashangaa.

Shule ni lazima. Mazoezi yawe baada ya masomo, na mwaka wa kidato cha nne mpunguzie mechi mapema kabla mtihani wa Novemba haujafika, usisubiri mzazi aje kugomba. Mzazi akiona unajali shule atakuachia mtoto wake bila wasiwasi, na hata dogo mwenyewe kichwa kinatulia.

Chakula nacho, unamlaumu kijana amechoka dakika ya 60 kumbe tangu jana usiku hajala. Kama klabu haina hela ya kambi, ipate walau hela ya uji mzito, mayai na ndizi baada ya mazoezi, na wali maharage siku ya mechi. Kamati nyingi zinaweza kumudu hilo, zinaacha tu kwa sababu halionekani kwenye gazeti.

Sasa dakika

Hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu.

Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Mechi 30 mara dakika 90 mara wachezaji 11 unapata dakika 29,700 ambazo klabu yako inagawa kwa msimu mmoja kwenye ligi peke yake. Asilimia 10 ya hizo ni dakika 2,970. Mimi nasema klabu ya kawaida ikitenga hizo asilimia 10 tu kwa vijana waliokuzwa pale pale, wenye miaka 21 kushuka chini, haitashuka daraja kwa sababu hiyo, na kila msimu itatoa kijana mmoja au wawili wa kweli. Ukiwagawia vijana watatu ni karibu dakika elfu moja kila mmoja, na hata ukianza na dakika 300 au 400 kwa dogo wa miaka 18 bado ni mara kumi ya zile dakika tano tano za kumfurahisha mzazi.

Lakini lazima ipangwe kabla msimu haujaanza. Kaeni mezani: kocha mkuu, kocha wa vijana, mwenyekiti au mtendaji mkuu. Andikeni majina matatu, yasizidi manne. Kila jina andikeni anacheza nafasi gani, mbele yake kuna nani, huyo wa mbele mkataba wake unaisha lini. Baada ya hapo ndo mnaenda sokoni kusajili, na sio kabla. Nasisitiza hili kwa sababu tunafanya kinyume, tunasajili kwanza mtu wa nje, tuna ruhusa ya wageni 12 basi tunataka tuijaze yote, namba tisa wanakuwa wanne afu tunamwambia dogo "subiri muda wako". Muda gani? Kama una namba sita (kiungo mkabaji) mzuri wa miaka 19, usisajili namba sita wawili wa uwezo wa kati. Sajili mmoja mzoefu wa maana atakayemfundisha, basi.

Na mpango uwe wa klabu, usiwe wa kocha. Makocha wetu wanafukuzwa kila siku, tunajua, na kocha anayejua akifungwa mechi tatu anafungashiwa virago hawezi kumpanga mtoto, hata wewe usingempanga. Kwa hiyo kwenye mkataba wake muandikie: msimu huu tunataka nafasi fulani kwenye msimamo, na tunataka vijana wetu wafikishe dakika 2,970. Akizifikisha apate bonasi yake. Kila mwezi meneja wa timu alete karatasi moja kwenye kamati, jina la dogo, mechi alizocheza, dakika alizopata. Karatasi moja tu. Kamati ikianza kuuliza "mbona huyu mwezi mzima ana dakika 11?" mambo yatabadilika yenyewe.

Siku ya kwanza na timu kubwa

Dogo akifika miaka 17 aanze kufanya mazoezi na wakubwa siku mbili kwa wiki, siku zingine anabaki na wenzake. Usimpandishe moja kwa moja akakae benchi mwaka mzima, atasahau hata kucheza.

Jua kwamba chumba cha kubadilishia nguo kinatisha kuliko uwanja. Anaingia, "shikamooni kaka zangu", wengine wanaitikia, wengine wako kwenye simu, hajui akae wapi maana kila kiti kina mwenyewe. Kuna mkubwa pale anamwangalia na anajua kabisa huyu mtoto akipanda mimi bonasi yangu imekwenda. Kwa hiyo mtafutie kaka. Mchague mchezaji mmoja mzoefu, mwenye roho nzuri, ikiwezekana anacheza nafasi ile ile au ya jirani, muite pembeni umwambie huyu ni mdogo wako, kwenye basi anakaa na wewe, kambini analala chumba karibu na chako, akitukanwa naanza kukuuliza wewe. Kutumwa kubeba mipira ni sawa, kila mtu alipita huko, lakini kudhalilishwa hapana, na klabu iseme hivyo wazi. Vile vile kwa vijana wote, wa kiume na wa kike, mtu mzima asikae na mtoto peke yake chumbani, mtoto awe na mtu nje ya benchi la ufundi anayeweza kumwambia jambo likimtokea. Hili halina mjadala.

Clement Mzize ni mfano mzuri wa karibu. Alitoka timu ya vijana ya Yanga, kocha Nabi akampandisha 2022 wakati pale mbele kuna Fiston Mayele anayefunga kila wiki. Dogo hakutegemewa afunge goli ishirini, aliingia sabu, akajifunza mikimbio, msimu ule timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na yeye yupo humo ndani anaona presha inakuwaje. Mayele akaondoka 2023, dakika za Mzize zikaongezeka, na msimu wa 2024/25 akamaliza ligi na magoli 14. Hakuna uchawi hapo, kulikuwa na mkubwa wa kujifunza kwake na kulikuwa na dakika zinazopanda taratibu.

Mechi ya kwanza

Chagua mechi. Barcelona wana kila kitu duniani na bado Lamine Yamal walimuingiza mara ya kwanza Aprili 2023 dhidi ya Betis, nyumbani, dakika za mwisho za mechi waliyoshinda 4-0, akiwa na miaka 15. Hawakumtupa kwenye moto. Sisi tunasubiri tuwe tumefungwa tatu kwa Mkapa ndo tunasema "haya mtoto ingia uonyeshe". Aonyeshe nini sasa?

Utaratibu wangu ni huu: mechi ya nyumbani, timu inaongoza au iko sawa na mambo yametulia, nafasi yake ya asili (namba nane usimuweke winga eti kuna pengo), na pembeni yake awepo mzoefu anayeongea. Sabu ziko tano siku hizi, hivyo kisingizio cha "nimemaliza sabu" kimeisha, sabu ya tano dakika ya 70 iwe ya dogo. Mwambie tangu siku mbili kabla, usimshtukize. Na maelekezo yawe mawili tu: ukipata mpira cheza na aliye karibu, ukipoteza rudi nyuma ya mpira. Akishaingia usimpigie kelele kutoka benchi kila akigusa, atakuwa anakusikiliza wewe badala ya kuangalia mchezo.

Baada ya hizo dakika 20 nzuri zitakuja simu, mahojiano, na watu mtandaoni watampa jina la mchezaji mkubwa wa Ulaya. Msaidie apunguze kelele. Wiki inayofuata anaweza kurudi kucheza na U20, lakini mueleze kwa mdomo wako kwamba hajashushwa, anafuata dakika 90 ambazo huku bado hajazipata. Usipomueleza atasikia maelezo ya mtaani.

Halafu siku itafika atakosea. Atarudisha pasi fupi, tumefungwa, jukwaa zima linamtukana mama yake. Hapa ndo klabu inajulikana kama ina mpango au ilikuwa inabahatisha. Mechi inayofuata awe kwenye kikosi, na kama alikuwa anaanza basi aanze tena, labda awe ameumia. Ukimuondoa umewaambia vijana wote wa chini yake kwamba ukijaribu kitu ukakosea umekwisha, na kuanzia kesho yake utaona U20 nzima inabutua mipira mbele. Kwenye mahojiano baada ya mechi sema timu imefungwa, usitaje jina lake. Mashabiki nao wanaelewa wakielezwa, semeni mapema kwenye kurasa za klabu kwamba msimu huu tuna vijana watatu wetu, majina haya hapa, tunaomba muwape sauti.

Kama ligi inakupa hofu tumia makombe. 2012 Simba waliwapa vijana wao kombe la BancABC Super 8, wakiwa na kocha wao wa vijana Seleman Matola, na wakalibeba. Na jambo ambalo watu hawalisemi ni kwamba vijana hupanda vizuri wakipanda kwa kundi. ASEC Mimosas ya Ivory Coast walianzisha akademi 1994 chini ya Jean-Marc Guillou, wakabeba ubingwa wa Afrika 1998, wakauza wakubwa, na 1999 kwenye Super Cup wakapanga watoto wa akademi dhidi ya Esperance ya Tunisia. Wakashinda 3-1 baada ya dakika za nyongeza. Humo alikuwemo Kolo Touré, alikuwemo Zokora. Walikuwa wamecheza pamoja miaka, kila mmoja anajua mwenzake anakimbilia wapi. Kwa hiyo ukiwa na beki wa kati na namba sita waliokua pamoja U17, wape kombe la FA raundi ya kwanza wote wawili.

Mkopo

Kijana wa miaka 19 aliyekwama, mpeleke mkopo, ila sio kumtupa. Novatus Dismas alikuzwa Azam pale Chamazi, akapelekwa mkopo Biashara United ya Musoma akacheza, akaja kuondoka kwenda Israel, Ubelgiji, Shakhtar ya Ukraine, Uturuki. Angebaki kusubiri nafasi Chamazi labda tusingemjua. Kabla ya kumtoa ongea na kocha wa kule, anamhitaji kweli au anajaza idadi? Andikeni kwamba asipofikisha mechi kadhaa mpaka dirisha dogo la usajili katikati ya msimu mnamrudisha. Kocha wako wa vijana ampigie simu kila wiki, aende kumuona akicheza, aulize kama mshahara umeingia. Wachezaji wengi wa mkopo wanaachwa kama yatima huko mikoani.

Na haraka ya Ulaya tuipunguze. Samatta aliondoka Simba 2011 akiwa na miaka 18 kwenda TP Mazembe, Lubumbashi, akakaa pale mpaka mwisho wa 2015, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, ndo Januari 2016 akaenda Genk. Alifika Ulaya akiwa na mechi kubwa nyingi miguuni. Sheria ya FIFA nayo inazuia kumhamisha nje ya nchi mchezaji wa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache maalum, hivyo mtu akikuja kwa mzazi na habari za majaribio Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, na anaomba hela ya viza kwanza, mzazi amkimbie na alete taarifa klabuni.

Makaratasi

Viongozi wanachoka sehemu hii na ndo sehemu yenye hela. Msajili kila mtoto kwenye mfumo wa TFF tangu ana miaka 12, tarehe sahihi, kila msimu. FIFA wana kitu kinaitwa mchango wa mshikamano, kila mchezaji akiuzwa kwa ada kwenda nchi nyingine asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Msimu wa miaka 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 kila mmoja, wa miaka 16 mpaka 23 ni asilimia 0.5 kila mmoja. Piga hesabu: dogo ulikaa naye misimu mitatu, wa miaka 16, wa 17 na wa 18, akaja kuuzwa dola milioni moja na klabu nyingine kabisa huko mbele, wewe una asilimia 1.5, yaani dola 15,000. Kwa timu ya mkoa hiyo ni mipira, viwanja na uji wa misimu kadhaa. Lakini bila usajili ulioandikwa huna ushahidi, na bila ushahidi hela inakwenda kwa wengine.

Mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 usizidi miaka mitatu, ndo kanuni inavyosema, mzazi asaini, apewe nakala yake aende nayo nyumbani akaisome na mtu anayemuamini. Usimfunge mtoto kwa karatasi asiyoielewa. Ukimtendea haki atasaini tena mwenyewe.

Wasiofika

Wengi hawatafika, hilo mnalijua kabla ya kuanza. Mwisho wa msimu kila anayeachwa aitwe yeye na mzazi wake, aambiwe ana kwa ana na kocha wa vijana, sababu za mpira zitajwe wazi, na afanyiwe hivyo mapema kabla dirisha halijafungwa ili apate pa kwenda. Mpe barua ya kumruhusu, mpe rekodi yake ya mechi na dakika, mpigie simu kocha wa timu moja ya daraja la chini umwambie huyu kijana ana hiki na hiki. Kama anataka ukocha au uamuzi muelekeze kwenye kozi za awali za chama cha soka cha mkoa. Na jina lake libaki kwenye daftari, mwezi wa pili wa msimu ujao mtu aende akamtazame tena anakocheza.